Nyumba safarini, na mbwa wake

Wadau, juzi nilikuwa Shinyanga kikazi. Kwenye kituo cha mafuta nikakuta Mzungu kapaki gari lenye kitanda na jiko ndani, mbwa wawili wanachungulia dirishani. Vijana wa bodaboda walishangaa. Mimi nikamkumbuka Stanley.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo 17 Novemba 1874 na mbwa watano kutoka Uingereza: Castor, Captain, Nero, Bull na Jack. Akakatiza Ugogo na Iramba, akaingia huku Usukuma, akafika Kageye kando ya Ziwa Victoria 27 Februari 1875. Siku 103! Hema, kitanda, vyombo, hata mashua yake Lady Alice iliyogawanywa vipande, vyote vilisafirishwa. Kwa magurudumu gani? Vichwa na mabega ya watu. Jioni wanapiga kambi, asubuhi wanaivunja, mzigo kichwani tena. Njaa, maradhi na mapigano viliwapunguza njiani. Mbwa nao hawakupona wote.

Nimtendee haki: kitabu chake kina majina ya wapagazi wake wengi pia. Ila misafara mingine mingi iliyopita huku haikuandikwa na mtu.

Bibi mzaa baba alikuwa akisema babu yake alibeba mizigo mpaka pwani, akarudi kwa miguu. Siku moja nilimuuliza, "Aliitwa nani, bibi?"

Akafikiri kidogo. "Sisi tulimwita guku tu, mjukuu wangu."