Daftari la Wachezaji wa Mkambalani

Atokaye Morogoro mjini kwa barabara kuu iendayo Dar es Salaam, milima ya Uluguru ikiwa mkono wake wa kulia, haendi mbali kabla ya kufika Mkambalani. Kijiji hiki chatajwa na wanafunzi wa sanaa za maonyesho katika miji ya mbali ambako hakuna aliyepata kuiona Morogoro. Sababu yake ni kwamba katika miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifika hapo kufanya kazi waliyoianza Malya, katika mkoa wa Mwanza, mwaka 1982, kisha wakaipeleka Bagamoyo na Msoga. Walioianzisha huko Malya walikuwa Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi.

Wageni hao hawakuja na mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni shida gani iliyowasumbua, wakasikiliza. Kisha wanakijiji wenyewe wakaitunga shida yao kwa ngoma, kwa nyimbo, kwa masimulizi na kwa kuigiza, wakaionyesha uwanjani. Mchezo ulipokwisha, kazi haikuwa imekwisha, kwani hapo ndipo watazamaji walipoanza kusema: huyu akikubali, yule akikana, wa tatu akimtetea mchezaji kana kwamba ni mshitakiwa kweli. Yamkini sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa mchezo wenyewe.

Habari za kazi hiyo tunazo. Mama Mlama alizieleza katika kitabu chake juu ya utamaduni na maendeleo, kilichotolewa mwaka 1991. Nathubutu kusema kwamba pasipo kitabu hicho tungekuwa na uvumi tu, na haifai kumlaumu mtu aliyeokoa alichoweza. Lakini kilipigwa chapa Uppsala, katika nchi ya Sweden, nacho ni cha Kiingereza. Wenye mchezo walikuwa wakulima wasemao Kiswahili na Kiluguru, na kumbukumbu yao imekaa mbali nao kwa safari ya bahari na kwa lugha pia.

Tazama tofauti iliyopo katika kazi za mtu yule yule. Tamthilia yake Hatia ilipigwa chapa mwaka 1972. Shule yoyote yaweza kuichukua leo, ikagawa sehemu, ikaicheza. Mchezo wa kijiji hauna bahati hiyo. Maneno yake hubadilika kila unapochezwa, na mtungaji wake si mmoja. Mtu aweza kusema basi kwamba hakuna cha kuhifadhi. Mimi siafiki. Ikiwa maneno hayakai, imetupasa kuandika yale yanayokaa: siku na mahali, ni nani aliyecheza nafasi ya nani, wimbo gani ulitangulia, ngoma ilipigwa na nani na alijifunza kwa nani, na hasa ni nani aliyesimama baada ya mchezo na akasema nini. Katika taarifa nyingi za kitaalamu wachezaji huitwa “vijana” au “wanawake wa kijiji”, basi. Jina la mtafiti lipo juu ya jalada. La mpiga ngoma halipo popote.

Jambo hili lachukiza zaidi katika nchi ya Waluguru kuliko kwingine, kwa kuwa wao wana desturi yao ya kutunza habari, nayo imesimama juu ya majina. Ukoo wafuatwa kwa upande wa mama, na mkuu wa ukoo afapo, mrithi wake hulichukua jina lake pamoja na cheo chake. Kingalu wa Kinole, aliyesifika kwa mvua, si mtu mmoja. Ni mfululizo wa watu walioitwa Kingalu, mmoja baada ya mwingine. Watu waliojenga historia yao hivyo wangeshangaa kuona mchezo wao umehifadhiwa, na majina ya waliocheza yametupwa.

Tena lazima tukiri kwamba si kila kitu kiandikwe. Mwaka 1981 Mama Mlama alieleza mchezo wa digubi wa Wakaguru, jirani za Waluguru katika mkoa huu huu, ambao wahusika na kufundwa kwa wasichana. Katika mambo ya mwali yapo ya hadhara na yapo ya ndani. Anayeshika kinasa sauti hana budi kuwauliza kina mama kwanza, na wakisema hapana, akizime.

Adui wa daftari katika milima hii wajulikana: mvua nyingi ziletazo ukungu katika karatasi, na mchwa. Kaseti za miaka ya 1980 nazo zachakaa, na mashine za kuzisikiliza zimekuwa adimu. Simu ya leo yarekodi vizuri mno, lakini ikipotea yaondoka na kila kitu. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 yashughulika hasa na ofisi za umma. Kikundi cha maigizo si ofisi, kwa hiyo hakuna afisa atakayekuja kulidai daftari lake.

Basi kazi yawaangukia wanafunzi. Aendaye kutafiti kikundi na aandike nakala tatu, kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika upesi: moja ibaki kijijini shuleni, ndani ya sanduku la bati lililoinuliwa juu ya mawe, ya pili iwekwe katika maktaba ya mkoa, Morogoro mjini, ya tatu aende nayo chuoni. Na kabla hajafunga safari, awasomee wachezaji alichoandika, nao wamsahihishe. Wazee waliocheza miaka ya 1980 sasa wana mvi, na wa kuanza nao ni wale wenye umri mkubwa zaidi.