La Spezia: Mkoa unaoshikiliwa na kuta za mawe

MKOA wa La Spezia uko kaskazini magharibi mwa Italia, kwenye ncha ya mashariki ya jimbo la Liguria, ukipakana na jimbo la Toscana. Ni mkoa mdogo wenye kilomita za mraba zipatazo 880 na wakazi wapatao 215,000, ambao takriban 90,000 kati yao huishi katika makao makuu yenye jina hilo hilo.

Mji huo haukukuzwa na utalii. Ulitanuka baada ya karakana kuu ya manowari, iliyosanifiwa na Domenico Chiodo, kufunguliwa mwaka 1869. Hadi leo jeshi la majini, viwanda vya silaha na meli, pamoja na bandari ya makontena vinaajiri watu wengi. Mwaka 1897 Guglielmo Marconi alifanyia hapo majaribio ya kupeleka ujumbe kwa redio kutoka nchi kavu hadi kwenye manowari. Katika ghuba hiyo hiyo, wavuvi hufuga kome kwenye kamba zilizoning'inizwa majini.

Wapenzi wa fasihi huiita Ghuba ya Washairi. Mshairi wa Kiingereza, Percy Shelley, aliishi kando yake karibu na Lerici, akafa maji Julai 1822 alipokuwa akirejea kwa mashua kutoka Livorno.

Magharibi mwa ghuba, ng'ambo ya mji wa kale wa Porto Venere, ndiko kuliko Cinque Terre: vijiji vya Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. Mwaka 1997 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 1999 likawa hifadhi ya taifa.

Wageni hupiga picha nyumba za rangi zilizobanana juu ya miamba, lakini kazi kubwa zaidi iko nyuma yake. Kwa karne nyingi wakulima walikata milima kuwa matuta na kuyakinga kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, ili wapande mizabibu. Zabibu zake, zikishaanikwa, hutoa mvinyo mtamu uitwao Sciacchetrà. Mteremko ni mkali kiasi kwamba mavuno hubebwa kwa vigari vidogo vinavyopita juu ya reli moja.

Vijana walipohamia kwenye ajira za mjini, mashamba mengi yaliachwa. Ukuta usiotunzwa hubomoka, na udongo uliokuwa nyuma yake huporomoka. Oktoba 25, 2011, mvua kubwa ilileta mafuriko ya matope na mawe yaliyofukia mitaa ya Vernazza na Monterosso na kuua watu. Mwaka uliofuata, maporomoko ya mawe yaliwajeruhi watalii katika Via dell'Amore, njia ya miguu kati ya Riomaggiore na Manarola. Njia hiyo ilifunguliwa tena yote mwaka 2024, kwa kiingilio na idadi maalumu ya wageni.

Usafiri rahisi ni treni, kwa reli iliyokamilika mwaka 1874, ambayo sehemu kubwa hupita ndani ya mahandaki. Anayeshuka Corniglia ajiandae: kijiji kiko juu ya mwamba, na kutoka stesheni kuna ngazi zenye vidato zaidi ya 370.