Bingwa Alikuwa Mwafrika, Jezi Ilikuwa ya Ufaransa

Kila msimu wa Olimpiki ukifika, kuna stori mnaipost na kurepost: ati zamani wazungu walikuwa wanakimbia mbio ndefu peke yao, kisha usiku mmoja wa 1960 kule Roma, Abebe Bikila akatokea bila viatu, akashinda marathoni, na hapo ndipo Afrika ikaanza kukimbia. Stori tamu, na mimi pia Bikila namheshimu vibaya sana. Shida ni kwamba imefuta watu. Kuna mtu mmoja hasa, mzaliwa wa Algeria, ambaye kufikia 1956 alikuwa ameshinda mbio za nyika za kimataifa mara 4. Nne! Na ukiuliza mbogi yako leo, hakuna anayemjua.

Anaitwa Alain Mimoun. Najua, jina linasikika kama mzee wa Paris anayeuza mikate. Subiri.

Kwanza tuelewane kuhusu hayo mashindano yenyewe, kwa sababu neno "kimataifa" lilikuwa na vituko vyake. Yalianza 1903 huko Hamilton Park, Scotland, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Nchi zilizokuja ni England, Scotland, Wales na Ireland. Basi. Ni kama Umoja, Donholm, Buru na Kayole zikutane siku moja halafu mshindi aitwe bingwa wa dunia. Ufaransa iliingia 1907, Ubelgiji na Uhispania zikaja baadaye, na polepole wengine. Lakini kwa miaka mingi, hii ndiyo ilikuwa mbio ya nyika kubwa kuliko zote, hakuna nyingine ya kuilinganisha nayo.

Na haikuwa matembezi. Wanaume walikimbia karibu maili 9, yaani kama kilomita 14 na nusu, mwezi wa Machi, kwenye nyasi na matope ya Ulaya, mara nyingi wakizunguka uwanja wa farasi. Hesabu ya timu ndiyo mimi napenda zaidi. Ukimaliza wa kwanza unaipa timu yako pointi 1, wa kumi anaipa 10, wa hamsini 50. Unachukua wakimbiaji 6 wa kwanza wa kila nchi, unajumlisha nafasi zao, na jumla ndogo ndiyo inashinda. Kwa hivyo yule jamaa wa sita, ambaye hakuna mtu anampigia picha, anaweza kuwapa kikombe ama awanyang'anye.

Sasa Mimoun. Alizaliwa 1921 huko Le Telagh, Algeria, na jina alilopewa ni Ali Mimoun Ould Kacha. Algeria wakati huo Ufaransa ilikuwa inaihesabu kama sehemu yake, lakini wenyeji hawakuwa na haki sawa na walowezi. Mimoun alikuwa mwanafunzi mzuri na mamake alitaka awe mwalimu. Familia ikaomba msaada wa masomo, serikali ya kikoloni ikakataa. Mimi niliacha chuo kwa miguu yangu mwenyewe, na hiyo ni stori ya siku nyingine, lakini hata mimi naona tofauti kati ya kutoka mlangoni na kufungiwa mlango.

Akaenda jeshi akiwa na miaka 18, jeshi la Ufaransa. Vita Vikuu vya Pili vikampeleka Tunisia, kisha Italia. Januari 1944, karibu na Monte Cassino, kombora lilimjeruhi mguu vibaya mpaka madaktari wakafikiria kuukata. Mguu ukaokolewa. Vita vikaisha, akaenda Paris, akafanya kazi ya kuwahudumia watu vinywaji kwenye mkahawa wa klabu ya michezo, na akiwa hapo anafanya mazoezi.

Mwaka wa 1949, miaka 5 baada ya huo mguu kuponea chupuchupu, alishinda mbio za nyika za kimataifa mjini Dublin. Akashinda tena 1952 pale pale Hamilton, 1954 Birmingham, na 1956 Belfast. Kwenye kiwanja cha Olimpiki alikuwa na bahati mbaya inaitwa Emil Zatopek: 1948 alipata fedha nyuma yake kwenye mita 10,000, na 1952 akapata fedha mbili, mita 5,000 na 10,000, zote nyuma ya huyo huyo Zatopek. Watu walimwita kivuli cha Zatopek. Lakini kwenye nyika, kwa zile mbio za Machi, Zatopek hakuwepo, na kivuli kikawa mwenye nyumba.

Hapa ndipo nataka mkae chini kidogo. Angalieni 1954.

Machi 1954, Mimoun anashinda Birmingham, ndani ya England, mbele ya mashabiki wa England. Julai ya mwaka huo huo, Wakenya wawili, Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony, wanafika London kukimbia uwanja wa White City. Wakati huo kulikuwa na wataalamu waliosema kwa kinywa kipana kwamba Mwafrika ni mtu wa mbio fupi, kwamba mbio ndefu zinataka akili na subira ambayo hana. Chepkwony akaingia maili 6 bila viatu, akawavuruga Waingereza kwa kubadilisha kasi kila mara, ingawa hakumaliza. Kesho yake Maiyoro akaingia maili 3, akawaacha mbali mwanzoni, na akamaliza wa tatu nyuma ya Freddie Green na Chris Chataway, siku ambayo Green alivunja rekodi ya dunia. Watu walishangaa kabisa.

Walishangaa nini, manze? Miezi 4 tu ilikuwa imepita tangu mzaliwa wa Afrika awapige nyumbani kwao, kwenye matope yao, kwa maili 9! Lakini kwenye karatasi huyo alikuwa Mfaransa, kwa hivyo ushindi wake haukuhesabika kama ushahidi wa chochote kuhusu Waafrika. Ukoloni ulikuwa na akili hiyo: ukishinda wewe ni wetu, ukiomba bursary wewe ni mwenyeji. Na si yeye wa kwanza. 1928 huko Amsterdam, mshindi wa marathoni ya Olimpiki alikuwa El Ouafi Boughera, mzaliwa wa Algeria pia, na dhahabu ikaandikwa Ufaransa.

Na sisi wakati huo tulikuwa wapi? Mimoun akishinda Hamilton mwezi wa Machi 1952, hali ya hatari ilikuwa inakuja hapa Kenya Oktoba ya mwaka huo. Chama cha riadha cha Kenya kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kianzishwe. Tulipeleka timu ya kwanza ya Olimpiki Melbourne 1956, wakati watu wamefungiwa kambini Hola na Manyani. Maiyoro akawa wa 7 kwenye mita 5,000. Na kwenye Olimpiki hiyo hiyo Mimoun, akiwa na miaka 35, akashinda marathoni. Zatopek akamaliza wa 6. Mimoun alikuwa amemsubiri pale mwisho, wakakumbatiana. Nikiangalia ile picha sijui nicheke ama nilie, enyewe.

Ningependa kuwaambia kwamba Mimoun alikuwa mpigania uhuru kimoyomoyo. Hapana. Alipenda Ufaransa sana, akawa Mkatoliki, na alibaki mwaminifu kwa Ufaransa hata vita vya uhuru wa Algeria vilipoanza Novemba 1954. Alifariki 2013 akiwa na miaka 92, akiheshimiwa sana Ufaransa. Kwa hivyo mkianza kumchukua na kumwekea bendera ya Algeria kwenye picha, mnamfanyia kile kile alichofanyiwa na wakoloni, mnamvalisha jezi bila kumuuliza. Mimi nasema kitu kidogo tu: mwili uliokimbia ulizaliwa na kukulia Afrika, na wale walioandika kwamba mwili kama huo hauwezi walikuwa na ushahidi mbele ya macho yao.

Jezi yenyewe ilibadilika 1960. Moroko ilikuwa imepata uhuru 1956, na Machi 1960, tena Hamilton, mshindi akawa Rhadi Ben Abdesselam akikimbilia Moroko. Mwafrika, bendera ya Afrika, kwenye uwanja ambao mambo yalianzia 1903. Hii ndiyo tarehe ningeweka kwenye fulana, kama ningekuwa nauza fulana.

Sasa rudini Roma, Septemba ya mwaka huo. Mnajua Bikila alikuwa anakimbia na nani bega kwa bega gizani, askari wameshika mienge kando ya barabara? Rhadi. Bingwa wa mbio za nyika. Bikila alikuwa ameambiwa amchunge Mmoroko mwenye namba 26, lakini Rhadi alivaa 185, kwa hivyo Bikila akawa anamtafuta mtu ambaye yuko ubavuni mwake. Alimwacha mwishoni kabisa, tofauti sekunde 25. Hiyo haikuwa Afrika dhidi ya Ulaya. Waafrika wawili walikuwa wanaamua kati yao.

Kuanzia hapo mambo yakaenda haraka. 1966 mashindano yakafanyika Rabat na Mmoroko Ben Assou El Ghazi akashinda. 1968 yakaenda Tunis, akashinda Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Huyu Gammoudi Wakenya wanapaswa kumjua, kwa sababu miezi michache baadaye kule Mexico alimpiga Kipchoge Keino kwenye mita 5,000 kwa sehemu 2 za sekunde, Naftali Temu akiwa wa tatu. Siku chache kabla, Temu alikuwa amempiga yeye kwenye mita 10,000 na kutuletea dhahabu yetu ya kwanza ya Olimpiki. Wote hao Waafrika, wanabishana wenyewe mbele.

Shirikisho la riadha la dunia lilichukua mashindano 1973, mbio ya kwanza chini yake ikiwa Waregem, Ubelgiji, na ndiyo tunayoita leo mbio za nyika za dunia. Kenya ilishinda timu ya wanaume 1986, John Ngugi akiwa mbele, na haikuachia mpaka 2003. Miaka 18 mfululizo, kwa hesabu ile ile ya kujumlisha nafasi. Hii sehemu mnaijua, sitaichosha.

Ile orodha ya zamani ya washindi bado iko na mtu yeyote anaweza kuifungua. Utaona 1949, 1952, 1954, 1956: Alain Mimoun, Ufaransa. Shuka mistari michache: 1960, Rhadi Ben Abdesselam, Moroko.