"Akiridhika" na "Akiwa na Sababu": Kesi ya Liversidge

Kanuni ya 18B, moja katika Kanuni za Ulinzi za Uingereza za mwaka 1939, ilimpa Waziri wa Mambo ya Ndani uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila ya kumshtaki. Ilipotungwa kwanza ilitaka Waziri awe "ameridhika" tu. Wabunge walililalamikia neno hilo mwezi wa Oktoba, na mwezi uliofuata pakawekwa maneno mengine: Waziri awe na "sababu ya maana ya kuamini" kwamba mtu huyo, kwa mfano, ana uhusiano na adui. Tofauti si ndogo. Kuridhika ni hali ya moyo, nayo haina shahidi ila mwenyewe. Sababu ya maana yaweza kutazamwa na kupimwa na mtu mwingine.

Robert Liversidge, aliyekamatwa mwaka 1940, alimdai Waziri, Sir John Anderson, kwa kumfunga isivyo halali, akataka aelezwe sababu zenyewe. Tarehe 3 Novemba 1941 Malodi wanne kati ya watano walioamua rufani walisema kwamba yatosha Waziri aamini kwa nia njema kuwa anayo sababu. Neno lililoondolewa kwa ajili ya Bunge likarudishwa na mahakama.

Lord Atkin peke yake alikataa, na hoja yake ilikuwa ya sarufi kabla ya kuwa ya siasa. Kusema "mtu akiwa amevunjika kifundo cha mguu," alieleza, si kusema "akidhani kuwa amevunjika." (Kiambishi -ki- cha Kiswahili chatenga mambo hayo mawili vile vile.) Akaongeza kuwa mtu mmoja tu amjuaye angeweza kuiunga mkono tafsiri ya wenzake: Humpty Dumpty, ambaye hulipa neno maana aitakayo. Huyo yumo katika kitabu cha pili cha Lewis Carroll juu ya Alice. Cha kwanza kilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1940, *Elisi katika Nchi ya Ajabu*. Lord Simon, mkuu wa mahakimu, alimwomba aufute mzaha huo. Hakuufuta.

Mwaka 1979 Lord Diplock alikiri kwamba wale wanne walikosea, ingawa pengine wakati wa vita waliweza kusamehewa. Lakini watunga sheria wa mahali pengine walikuwa wamekwisha kuiepuka hoja ya Atkin. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini ilitaka Rais aridhike tu, ikakataza amri yake isihojiwe katika mahakama yo yote.