Sauti Inayovuja: Kutoka Maiki Moja Hadi Kompyuta

Wadau, leo tuache kidogo habari za kuandika programu, tuzungumzie kurekodi. Hapa Mamboleo, Kisumu, studio ya nyumbani ni chumba cha kulala, kompyuta na maiki mbili. Kinachosumbua ni sauti kuvuja: maiki ya gitaa inanasa mwimbaji, na ya mwimbaji inanasa gitaa. Ukilipunguza gitaa baadaye, sauti ya mtu nayo inabadilika. Tatizo hili lilitoka wapi?

Zamani halikuwapo. Hugh Tracey aliporekodi "Chemirocha" kule Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, mwaka 1950, wasichana waliimba pamoja na kinubi mbele ya maiki moja. Sauti ingevujia wapi? Ukitaka mwimbaji asikike zaidi, unamsogezea maiki, basi.

Uvujaji ulikuja na hamu ya kutenganisha. Mwaka 1939 kampuni ya Shure ilitoa Unidyne, kazi ya Benjamin Bauer, maiki inayosikia mbele na kupuuza nyuma. Mwaka 1957 Ampex ilimpelekea Les Paul mashine ya treki 8. Mwaka 1979 Portastudio ya TEAC ilileta treki 4 nyumbani, kwenye kaseti ya kawaida. Mwaka 2000 ikaja Audacity, tena bure. Dawa ikawa moja: kila mtu apige peke yake, hedifoni masikioni.

Sasa jaribu dawa hiyo kwa nyatiti. Mpigaji ni mmoja. Vidole viko kwenye nyuzi 8, mdomo unaimba, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga ukingo wa ala, na njuga zinalia mguuni. Utamwambia aimbe kwanza, nyuzi baadaye? Mdundo wake wote utavurugika, kwa sababu vyote vinaongozwa na mwili mmoja.

Hata programu zimerithi fikra ile ile. Spleeter, iliyotolewa na Deezer mwaka 2019, hugawa wimbo katika mafungu hadi matano: sauti ya mtu, ngoma, besi, piano na "nyinginezo". Nyatiti haina fungu lake. Sisi tunaoandika programu tujue kwamba orodha kama hiyo huamua muziki wa nani utatenganishwa vizuri.

Kwa hiyo nashauri tuchanganye 1939 na 1950. Weka maiki ya aina hiyo ya Shure karibu na nyuzi, kama sentimita 20, mgongo wake uelekee mdomo wa mwimbaji. Ya pili iwe karibu na mdomo. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hushuka kama desibeli 6, ndiyo maana ukaribu unasaidia kuliko kitufe chochote. Magodoro ukutani hupunguza mwangwi, lakini hayazuii matatu za barabara ya Kakamega wala mvua juu ya mabati. Mvua ikianza, nyweni chai.

Kisha sikiliza maiki zote mbili kwa pamoja. Zikielewana, uvujaji kidogo hauna ubaya. Mzee wa nyatiti akikubali kuja kurekodi kwako, mwache apige wimbo mzima kama anavyoupiga kwao.