Ayahuasca na Miiko Inayoizunguka

Ayahuasca ni kinywaji cha rangi ya kahawia iliyokoza, kizito na kichungu, kinachopikwa na jamii nyingi za wenyeji wa bonde la Amazon katika nchi za Peru, Brazil, Kolombia na Ekwado. Kwa kawaida hutokana na mimea miwili: mtambazi wa msituni, Banisteriopsis caapi, na majani ya kichaka kiitwacho chacruna, Psychotria viridis. Vipande vya mtambazi hupondwa kwa rungu hadi nyuzi zichambuke, hupangwa chunguni tabaka kwa tabaka na majani, kisha hutiwa maji na kuchemshwa kwa saa nyingi mpaka rojo ibaki kidogo.

Nguvu ya kinywaji hiki imo katika kuungana kwa mimea hiyo. Majani ya chacruna yana DMT, kemikali ambayo ikimezwa peke yake haileti athari yoyote ya maana, kwa sababu kimeng'enya cha monoamini oksidesi kilichomo katika utumbo na ini huivunja kabla haijafika kwenye ubongo. Mtambazi nao una hamini na hamalini, ambazo hukizuia kimeng'enya hicho kwa muda, na hapo DMT hupenya na kuvishika vipokezi vya serotonini. Wenyeji waliufahamu mseto huu bila maabara. Huo ni ujuzi unaostahili heshima ile ile inayopewa ugunduzi wowote wa kitabibu.

Athari huanza kati ya dakika 20 na 60 baada ya kunywa, na hudumu takriban saa 4, wakati mwingine 6. Mnywaji huona rangi na maumbo hata akiwa amefumba macho. Kumbukumbu za zamani humjia zikiwa na uchungu au furaha yake yote. Wapo wanaolia, na wapo wanaoamini kwamba wanakufa. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda kiasi. Walio wengi hutapika, na baadhi huhara, jambo ambalo waganga hulihesabu kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Miongoni mwa Washipibo-Konibo wa mto Ucayali nchini Peru, mganga hupata uwezo wake kwa kujitenga msituni kwa miezi au miaka, akijinyima chumvi, sukari, pombe na tendo la ndoa. Usiku wa tiba hupuliza moshi wa tumbaku juu ya kikombe, kisha huimba gizani nyimbo ziitwazo ikaro, ambazo kwazo huongoza njozi na kuzituliza zinapomlemea mtu. Katika jamii nyingi, zamani aliyekunywa alikuwa mganga peke yake ili auone ugonjwa; mgonjwa alilala kando akisubiri. Kinywaji hicho kilitumika pia katika uaguzi, uwindaji na hata uchawi, na mganga aliogopwa kwa uwezo uleule uliomfanya atafutwe. Picha ya dawa pole ya kujitambua, inayouzwa kwa wageni katika kambi za miji ya Iquitos na Pucallpa nchini humo, imeufuta upande huo wote.

Hoja kwamba ayahuasca ni salama kwa kuwa ni ya jadi haina mashiko, na hoja kwamba ni sumu tu haina mashiko pia. Hatari kubwa huja na kitu cha tatu kinachokutana na mimea ile miwili. Anayetumia dawa za sonona zinazoongeza serotonini, kama fluoksetini, anaweza kupatwa na homa kali, mtetemeko, mishtuko na hata kifo. Na kwa kuwa fluoksetini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, mfungo wa siku chache haumkingi. Miiko ya zamani ilitungwa kabla ya vidonge hivyo kuwapo, kwa hiyo mganga asiyeuliza juu yake ana pengo ambalo wimbo hauwezi kuliziba. Mmea wa toé, Brugmansia, ambao baadhi huuongeza chunguni, una skopolamini inayoleta maruweruwe mazito na inaweza kuua. Wenye skizofrenia, au wenye ndugu wa damu waliougua, wanaweza kuamshiwa wazimu, na wenye maradhi ya moyo wako hatarini. Wapo pia wanawake walionajisiwa na waliojiita waganga, wakati ulevi umewanyima nguvu ya kujitetea.

Matumaini ya kitabibu yapo, lakini yana masharti. Katika jaribio lililofanyika Natal, Brazil, wagonjwa 29 wa sonona iliyoshindikana kwa dawa za kawaida walipewa ama ayahuasca ama kinywaji kisicho na dawa; siku 7 baadaye waliokunywa ayahuasca walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Wagonjwa hao walichujwa kwanza, kisha wakaangaliwa hospitalini.

Peru iliutangaza ujuzi wa ayahuasca kuwa urithi wa taifa mwaka 2008. Brazil, yalikozaliwa makanisa ya Santo Daime na União do Vegetal yanayoinywa ayahuasca ibadani, ilitoa kanuni mwaka 2010 zinazoruhusu matumizi ya kidini, zinazokataza biashara na matangazo, na zinazotaka mgeni ahojiwe kabla ya kupewa kikombe. Mahojiano hayo ndiyo mwiko unaokosekana katika kambi nyingi za watalii.