Kabla ya Msimu: Kambi ya Dodgers na Ndege Iliyotoka Nairobi

Septemba 1959, ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 kuelekea New York. Hiyo stori wengi tumeisikia shuleni: Tom Mboya, Airlift, vijana waliorudi wakajaza ofisi za serikali mpya. Kitu ambacho mimi sikufundishwa ni nani aliyetia sahihi kwenye barua ya kuomba pesa za nauli. Walikuwa watatu, wote Wamarekani weusi: mwimbaji Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier, na jamaa aliyekuwa amestaafu kucheza besiboli, Jackie Robinson.

Mcheza besiboli anahusikaje na karo ya mtoto wa Machakos au Kisumu? Kumwelewa, lazima kwanza tuende kambini.

Timu za besiboli Marekani hazianzi msimu nyumbani. Kila Februari, baridi ikiwa bado imekaza kule kaskazini, wachezaji hupelekwa kusini kwenye joto, Florida au Arizona, wakakaa kambini kama wiki sita. Ni kama Simba na Yanga wanavyoenda nje kujiandaa, tofauti ni kwamba huko karibu ligi nzima inahama kwa pamoja. Wakongwe wanapunguza vitambi, chipukizi wanapigania namba. Kuna anayetoka kambini na jezi, na kuna anayetoka na tiketi ya basi ya kumrudisha kwao.

Timu ya Robinson ilikuwa Dodgers. Ilianzia Brooklyn, New York, mwaka 1883, na jina lake lina mzaha ndani yake. Tramu za umeme zilipoingia mjini zilikuwa zinagonga watu, kwa hivyo wenyeji wa Brooklyn wakaitwa wakwepa tramu. "Dodgers" maana yake ndiyo hiyo: wakwepaji. Mtu wa Nairobi aliyewahi kuvuka barabara ya Thika kwa kuruka magari anaweza kuwa mwanachama bila kulipa ada.

Kwa miaka mingi ligi kuu haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu walikuwa wameelewana tu. Weusi walikuwa na ligi zao. Mwaka 1945, Branch Rickey, aliyeiendesha Dodgers, akamsaini Robinson na kumpanga kwanza katika timu yao ndogo ya Montreal. Machi 1946 akatakiwa kuripoti kambini Florida.

Safari yenyewe ilikuwa kesi. Robinson na mkewe Rachel walikuwa wameoana wiki chache tu zilizopita. Njiani walitolewa kwenye ndege, tena zaidi ya mara moja, wakamalizia safari kwa basi wakiwa wamesukumwa kiti cha nyuma. Mji wa Sanford ulipojua kuna wachezaji weusi, ilibidi waondolewe haraka kwa sababu ya vitisho. Jacksonville, timu ilifika ikakuta uwanja umefungwa. Mji uliokubali kumwona akicheza ni Daytona Beach, na hata huko alilala kwa familia nyeusi huku wenzake weupe wakiwa hotelini.

Sasa fikiria wewe ndiye huyo kijana. Umeitwa kuonyesha uwezo wako. Kocha anataka uwe mwepesi, utulie, uupige mpira unaokuja kwa kasi ya gari la barabara kuu. Na jana usiku hukulala kwa sababu kuna watu mjini wanataka uondoke. Wenzako wanapimwa mpira. Wewe unapimwa mpira na uvumilivu, na ukikosa kimoja watasema mlijulikana tu hamwezi.

Mwaka uliofuata Rickey aliikwepa Florida kabisa. Akapeleka kambi Havana, Cuba, na mechi nyingine Panama. Hata Cuba, Robinson na weusi wenzake watatu waliwekwa hoteli yao peke yao. Huko Panama wachezaji kadhaa wa Dodgers wakaanza kuandaa waraka wa kumkataa. Kocha Leo Durocher akaamsha timu nzima usiku wa manane na kuwaambia waziwazi kwamba jamaa atacheza, na asiyetaka atahamishwa. Tarehe 15 Aprili 1947 Robinson akaingia uwanjani Brooklyn, jezi namba 42. Ukuta wa miongo mingi ukawa umetobolewa.

Lakini kinachonivutia zaidi ni hatua iliyofuata. Mwaka 1948 Dodgers walichukua kituo cha zamani cha ndege za jeshi la wanamaji huko Vero Beach, Florida, wakakifanya kambi yao wenyewe. Kikaitwa Dodgertown. Wachezaji walilala kwenye mabweni ya wanajeshi, weusi na weupe, wakala meza moja. Nje ya lango, Florida ilibaki ileile: hoteli, mikahawa na vinyozi vya mjini vilikuwa vya weupe. Ndani, timu ilikuwa imejijengea nchi yake ndogo. Nayo haikuwa peponi, maana mashabiki weusi waliokuja kutazama mechi waliendelea kutengewa sehemu yao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, mpaka wachezaji wenyewe walipolalamika. Mlango wa bweni ulifunguka zaidi ya miaka 10 kabla ya jukwaa.

Brooklyn ilipata kombe lake la kwanza la dunia, kama wanavyoliita wenyewe, mwaka 1955. Miaka miwili baadaye timu ikaondoka. Hapa ndipo sisi wa Gor na Ingwe tunashindwa kuelewa. Marekani, timu ni biashara yenye kibali cha ligi, na mwenye kibali anaweza kufunga virago. Walter O'Malley alitaka kujenga uwanja mpya Brooklyn, hakupewa kiwanja alichokitaka, akahamisha kila kitu hadi Los Angeles, upande wa pili wa bara. Msimu wa 1958 ukaanzia huko. Uwanja wa zamani ukabomolewa mwaka 1960, pakajengwa majumba ya kupangisha. Jaribu kuwaambia mashabiki wa Gor kwamba Kogalo imehamia Mombasa kwa sababu mwenyewe amepata ploti nzuri. Hiyo siku usikanyage mjini.

Robinson hakuhama nao. Mwishoni mwa 1956 Dodgers walimuuza kwa mahasimu wao, Giants. Badala ya kuvaa jezi hiyo alistaafu, akaenda kuwa makamu wa rais wa kampuni ya kahawa, Chock full o'Nuts. Akiwa hapo ndipo alipokutana na shida yetu.

Mboya alihitaji pesa. Vyuo vya Marekani vilikuwa vimekubali kuwapa vijana nafasi, lakini nafasi bila nauli ni karatasi tu. Naye hiyo shida aliijua mwilini. Alisoma Kabaa, hapahapa Machakos, kisha Yala, kisha Mang'u, na hapo masomo yakakatika kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa ya kuendelea. Akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Mtu aliyewapeleka wenzake vyuo vikuu alikuwa ameachishwa shule na karo. Mwaka 1960, pesa za ndege zilizofuata zilipokosekana, Robinson alimwendea Richard Nixon, mgombea urais aliyekuwa anamuunga mkono, ili serikali isaidie. Mwishowe familia ya Kennedy, mahasimu wa Nixon, ndiyo iliyotoa dola 100,000 kupitia wakfu wao. Hadi 1963, karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki na jirani zake walikuwa wamekwenda. Wangari Maathai alikuwa kwenye kundi la 1960.

Naandika haya nikiwa Konza, mahali ambapo reli ya Magadi inaachana na ile ya zamani ya Mombasa. Ng'ambo ya barabara kuu kuna ekari 5,000 za jiji la teknolojia ambalo Rais Kibaki alilizindua Januari 2013, nikiwa bado primari. Tuliambiwa ajira zinakuja. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilipoisha na barua za kuomba msaada zikakosa majibu. Mama bado akikutana na watu stendi anaulizwa, "Na huyu kijana wako alimaliza?" Kwa hivyo nikisoma kuhusu ile barua ya 1959, huwa nafikiria upande wa aliyejibiwa. Kuna mtu mahali fulani alifungua bahasha, akatoa chekibuku, na mtoto asiyemjua akapanda ndege.

Na hiyo safari haijaisha. Mwaka 2011 watoto wa Uganda walifuzu kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu ya hitilafu kwenye karatasi zao. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ya kwanza kutoka Afrika, na ikashinda mechi dhidi ya watoto wa Oregon, 3-2. Mwaka 2022 Dodgers wakasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Kambi yenyewe nayo ilikuwa imeshahama: tangu 2009 Dodgers wanajiandaa Arizona. Dodgertown ilibaki Vero Beach, na sasa ni kituo cha mazoezi chenye jina la Jackie Robinson.

Robinson alifariki mwaka 1972 akiwa na miaka 53. Mwanawe David alikuja kuishi Tanzania, analima kahawa Mbozi pamoja na wakulima wa huko na kuiuza Marekani. Baba aliajiriwa na kampuni ya kahawa, mtoto akaja kuipanda. Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa ligi kuu huvaa namba 42 mgongoni. Mwaka huu nitatazama kwenye simu, hapa Konza, bando ikiniruhusu. Halafu asubuhi nitaandika barua nyingine.